Beseni Moja la Maji

Kwa maneno ya fundi cherehani, ile ilikuwa sumu, na aliyeitia alimwona kwa macho yake mawili. Alhamisi, saa nne asubuhi, fundi anasema, alikuwa anapinda suruali ya mteja, akainua kichwa akate uzi kwa meno, akamwona mwanamume mwenye kofia nyeusi anapita nyuma ya mkahawa wa Mama Mapacha, pale penye dirisha la jikoni. Mwanamume akasimama. Akatazama huku, akatazama huku. Mkono ukaingia mfukoni, ukatoka. Basi. Saa saba mchana watu wakala, na kabla Ijumaa haijapambazuka watu kumi na saba walikuwa wanapokezana mlango wa choo.

Hiyo ilikuwa habari ya Ijumaa. Jumamosi yule mwanamume alipata mwenzake. Jumapili alishika kichupa. Jumatatu, mteja aliyefuata sketi yake aliondoka na sketi isiyokwisha na habari iliyokwisha kabisa: kofia nyeusi alitumwa na mwenye mkahawa wa barabara ya pili, kwa wivu tu, maana wateja wote walikuwa wanahamia kwa Mama Mapacha.

"Lisemwalo lipo," fundi alimalizia, "na kama halipo, laja."

Bi Taratibu alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, trei mbili za mayai mikononi. Hilo la Bi Taratibu si jina alilopewa na wazazi wake. Shangazi yake, mwenye banda la kuku mia nne wa mayai, ndiye aliyembandika, kwa vile msichana huyo hakuwahi kuonekana anakimbia, wala kujibu swali kabla halijamaliza kuulizwa. "Huyu," Shangazi alikuwa akiwaambia wageni, "nyumba ikishika moto atakunja kwanza shuka." Watu walicheka, na Bi Taratibu naye alicheka, baadaye kidogo.

"Fundi," alisema sasa, "na wewe si ulikula pale Alhamisi?"

"Nilikula, tena nikashiba."

"Mbona hukuumwa?"

"Mimi?" Fundi alijipiga kifua. "Mimi nimelelewa na mama wa kambo. Sumu na mimi ni ndugu."

"Ulikula nini?"

"Mayai ya kuchemsha mawili na viazi. Ile sosi nyeupe nilimwambia asiniwekee. Ikidondoka kwenye kitambaa cha mtu, nani atalipa?"

Bi Taratibu aliendelea na safari yake. Lakini neno lile aliliweka mahali.

Hakuwa anauliza kwa umbea. Mkahawa wa Mama Mapacha ulikuwa umefungwa tangu Jumamosi, na karatasi yenye muhuri imebandikwa mlangoni. Mama wa mlinzi wa ghala, bibi aliyekuwa akila pale kila mchana kwa kukosa meno ya kutafuna chakula cha nyumbani, alikuwa hospitali na dripu mkononi. Kwenye bomba la maji wanawake walikuwa wameanza kumpa Mama Mapacha mgongo. Na Bi Taratibu alijua jambo moja ambalo fundi, pamoja na macho yake mawili, hakulijua. Mayai ya Alhamisi ile, trei sita, alikuwa ameyapeleka yeye, Jumatano jioni.

Jumamosi afisa wa afya alipokuja na sanduku lake la barafu, Bi Taratibu alikuwa pale akifuata trei tupu. Watu wote walimwita afisa yule daktari, naye kila mara alisahihisha, "Mimi si daktari," na kila mara wakamjibu, "Sawa, daktari." Alikuwa mwanamke mfupi, miwani imefungwa uzi, na mwendo wa mtu aliyezoea kuingia jikoni kwa watu bila kukaribishwa. Alipitisha pamba juu ya ubao wa kukatia, juu ya kisu, ndani ya ndoo ya maji. Akauliza sosi ilitengenezwa vipi.

"Viini vya mayai, mafuta, ndimu, chumvi," alisema Mama Mapacha. "Unapiga kwa mkono mpaka iwe nzito. Haipikwi. Nilijifunza juzi tu, watu wakaipenda."

"Uliipiga saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi."

"Ikakaa wapi mpaka saa saba?"

"Hapo mezani. Niliifunika."

Afisa aliandika. "Mayai yamebaki?"

"Hata moja."

"Ulinunua kwa nani?"

Mama Mapacha alimtazama Bi Taratibu, kisha akatazama sufuria zake. "Sokoni," alisema. "Kwa yeyote niliyemkuta."

Bi Taratibu alielewa. Miaka iliyopita, mume wa Mama Mapacha alipotoka kwenda kununua betri za redio asirudi mpaka leo, Shangazi ndiye aliyewachukua wale mapacha wakiwa hawajaanza kutembea, akakaa nao miaka miwili mpaka mama yao alipopata jiko na meza mbili. Deni kama hilo halina risiti. Mama Mapacha alikuwa analilipa sasa, kwa mkahawa wake.

Jumanne na Jumatano, kila alipopeleka mayai, Bi Taratibu alikuwa na swali lake. Kwenye kiwanda cha matofali aliuliza. Kwa mke wa dereva aliuliza. Ulikula nini? Na sosi? Dereva alikula viazi vikavu, mzima. Wapiga matofali wanane walikula sosi, wanane waliumwa. Wa tisa alikula mayai ya kuchemsha, na ndiye aliyewabeba wenzake. Kwenye geti la ghala alimkuta mlinzi ameketi na macho mekundu.

"Mama anaendeleaje, kaka?"

"Leo ameongea. Ameuliza kama viazi vyake vilibaki." Mlinzi alicheka, halafu akafuta uso kwa kofia. "Aliomba aongezewe ile sosi, unajua? Mimi mwenyewe nikampa yangu."

Jumatano hiyohiyo mchana afisa alirudi na majibu. Alisimama kwenye uwanja wa mkahawa, akawaambia walioumwa na waliokuja kusikiliza tu. Sumu hakuna. Kilichoonekana kwenye choo cha wagonjwa ni bakteria, aina inayokaa matumboni mwa kuku. Fundi alinung'unika kwamba hata bakteria inaweza kutumwa. Afisa hakumjali.

"Kuku mwenyewe haonekani mgonjwa," alisema. "Anakula, anataga, anapiga kelele zake. Lakini bakteria iko kwenye kinyesi, na kinyesi kinagusa yai. Ukilichemsha yai mpaka kiini kikauke, imekufa. Ukilila bichi, na likiwa limekaa kwenye joto kwa saa tano, umeila ikiwa imezaliana."

"Lakini daktari," alisema mke wa dereva, "mayai ya siku hizi ni safi, yanang'aa kama sahani."

"Hayo ndiyo yananitia wasiwasi zaidi. Yameoshwa na nani, na kwa maji gani? Ganda la yai lina vitundu ambavyo jicho halivioni. Yai lenye joto la kuku ukilitia kwenye maji baridi, ndani linajikunja, linavuta maji. Kama maji ni machafu, linavuta uchafu."

Bi Taratibu aliyasikia hayo akiwa nyuma ya watu wote. Mikono yake ilihisi baridi, kana kwamba imo ndani ya beseni.

Maana kuosha mayai kulikuwa kazi yake, tena wazo lake. Kabla hajaja kukaa kwa Shangazi, mayai yaliuzwa kama yalivyotoka, na manyoya yake na madoa yake. Mama yake marehemu alikuwa akisema kitu cha kuliwa hakiuzwi kichafu. Basi wiki yake ya kwanza tu alichukua beseni na kitambaa, akakaa kivulini, akaosha trei kumi. Shangazi alipoyaona alipiga vigelegele. Wateja waliongezeka. Mwezi uleule Shangazi alivua ufunguo wa banda shingoni mwake, akamvisha msichana. "Kuanzia leo," alisema, "hao kuku ni wako na wangu." Kwa Bi Taratibu, aliyeingia nyumba ile na mfuko mmoja wa nguo, hakukuwa na neno lililowahi kumlaza vizuri zaidi ya hilo.

Maji ya bomba yalikuja mara mbili kwa wiki. Kuku walihitaji kunywa, watu walihitaji kupika. Kwa hiyo mayai aliyapa beseni moja. Aliyaokota saa tatu, yakiwa bado na joto la kuku, akayaosha yote kwa maji yaleyale ya pipa la kivulini, mpaka maji yakawa rangi ya chai ya maziwa. Hakuwahi kuyawaza. Yai lilitoka humo likimeremeta, naye alitazama yai.

Alhamisi asubuhi alikwenda kwa fundi kuomba rangi ya kutia nguo, nyekundu, kidogo tu.

"Unataka kujipamba? Mchumba amepatikana?"

"Nataka kujaribu kitu."

"Wanawake wote husema hivyo," alisema fundi, akamkunjia kijiko kimoja kwenye karatasi.

Aliokota mayai matatu, kwa sababu yai moja linaweza kusema uongo. Aliyageuza juani akakagua kila upande, hakukuwa na ufa. Akakoroga rangi kwenye maji baridi, akayatia yakiwa na joto lake, akayasugua kwa kitambaa kama afanyavyo kila siku, halafu akayaacha kwa muda wa kufagia banda. Alipoyatoa aliyafuta, akayavunja moja moja kwenye bakuli, akayageuza maganda ndani nje. Kwenye ule utando mweupe kulikuwa na vidoa vyekundu, vidogo kama alama za sindano. Ganda la kwanza vingi, la pili vichache, la tatu vingi kuliko yote.

Shangazi alikuwa ndani anakunja nguo.

"Shangazi, naomba utazame hapa."

"Nini hicho, damu?"

"Rangi ya nguo. Niliitia kwenye maji ya kuoshea. Yai lilikuwa zima, Shangazi, na imepita."

Shangazi alilipeleka ganda dirishani. Alikuwa mwanamke mkubwa, mwenye magoti mabovu na akili nyepesi, na hakuhitaji kuambiwa jambo mara mbili.

"Kuku wangu wanaumwa?"

"Afisa amesema hawaonyeshi dalili."

"Sasa ugonjwa usioonyesha dalili wewe umeuonaje? Shule ya msingi siku hizi inatoa madaktari?"

"Walioumwa wote walikula mayai yetu mabichi. Waliokula ya kuchemsha hawakuumwa. Nimewauliza."

"Umewauliza!" Shangazi aliketi kitandani, juu ya nguo alizokwisha kukunja. "Umezunguka mtaa mzima unauliza. Miaka sita nauza mayai. Wewe mwenyewe unayala kila siku, umekufa?"

"Sisi tunachemsha."

Kuku mmoja alilia nje, kile kilio cha kujisifu baada ya kutaga, wengine wakamwitikia.

"Nani mwingine ameliona ganda hili?"

"Hakuna."

"Basi mwanangu, lichukue ulifukie. Mama Mapacha atafungua tu, hawawezi kumfungia milele. Watu husahau. Lakini mimi wakinifungia, hawa kuku mia nne watakula nini? Wewe utakula nini?"

Bi Taratibu alilichukua lile ganda, akalifukia nyuma ya banda kama alivyoambiwa. Yale mawili mengine aliyafunga kwenye karatasi. Siku ile hakuosha yai hata moja, na mteja wa kwanza akauliza kama Shangazi amebadilisha kuku.

Ijumaa alikwenda kwanza kwa Mama Mapacha. Alimkuta jikoni anasugua sufuria ambazo hazikuwa zimepika kitu kwa wiki nzima. Karatasi ile akaifungua mezani. Mama Mapacha alitazama maganda, akaendelea kusugua.

"Nani amekutuma?"

"Nimejituma."

"Na Shangazi yako anajua uko hapa?"

"Anajua lile ganda moja alilosema nilifukie. Hajui nimebakiza haya."

"Mimi sikumtaja, mwanangu, wala sitamtaja. Wale watoto walisimama mara ya kwanza wakiwa wameshika gauni lake, siyo langu."

"Hutamtaja wewe, Mama. Nitamtaja mimi. Na mikono iliyoosha ni hii."

Mama Mapacha aliweka sufuria chini. Alimtazama kwa muda mrefu, kama anayempima mtu kwa ajili ya nguo. "Atakufukuza," alisema.

"Huenda."

"Basi kaa kwanza unywe chai. Neno kama hilo halisemwi na tumbo tupu."

Ofisi ya afya ilikuwa chumba kimoja mwishoni mwa korido, benchi nje, feni inayozunguka kwa hiari yake. Afisa alisikiliza bila kumkatiza. Alilishika ganda moja kwa kucha, akaligeuza kwenye mwanga.

"Beseni moja?"

"Ndiyo."

"Kwa trei ngapi?"

"Kumi. Siku nyingine kumi na mbili."

Afisa aliweka kalamu chini. "Nani alikufundisha kuosha?"

"Hakuna. Mama yangu alikuwa akisema kitu cha kuliwa hakiuzwi kichafu."

"Mama yako alisema kweli. Ila yai linatoka na koti lake, jembamba, huwezi kuliona. Ukilisugua unalivua. Halafu ukalitia kwenye maji ambayo mayai mengine mia tatu yamenawia." Alisema hivyo bila ukali, kama anayesoma bei. "Mayai mawili matatu yalikuwa na uchafu. Beseni likayagawia mengine. Sosi ikamaliza kazi. Hata Mama Mapacha ana fungu lake, hakupaswa kuiacha mezani kwa saa tano."

"Watawaua kuku?"

"Hakuna anayeua kuku leo. Tutapima kinyesi, tutapima maji. Mayai hayatauzwa mpaka kuku wapimwe wawe safi mara mbili. Viota vibadilishwe majani, yai chafu litengwe lisiuzwe, na hakuna kuosha." Akavuta fomu. "Jina la mwenye banda?"

Bi Taratibu alisubiri, kama kawaida yake, mpaka swali likatulia. Kisha akalitaja jina la shangazi yake lote, la kwanza na la ukoo, ambalo mtaani hakuna aliyelitumia.

Mambo mengine yalikwenda kama afisa alivyosema. Walikuja na sanduku la barafu. Bakteria ileile ilipatikana kwenye kinyesi cha kuku na kwenye kitambaa cha kuoshea. Karatasi yenye muhuri ikatolewa mlango mmoja, ikabandikwa nyingine kwenye mlango mwingine. Mama wa mlinzi alitoka hospitali siku ya tisa, mwepesi kama fagio, akatangaza kwamba sasa atakula viazi na chumvi mpaka kufa kwake. Mama Mapacha alifungua mkahawa, watu wakarudi mmojammoja, kwa aibu, wakiagiza zaidi ya njaa yao.

Na fundi cherehani? "Sikusema mimi?" alikuwa akiwaambia wateja. "Nilisema kitu kimepita kwenye dirisha la jikoni. Sasa mayai yalipita wapi, si dirishani?"

Shangazi hakupiga kelele. Bi Taratibu alikuwa amejiandaa kwa kelele. Alikuwa hata amekunja nguo zake kwenye mfuko, ili akiambiwa toka asipoteze muda wa mtu. Shangazi hakumwambia toka. Siku maafisa walipobandika karatasi, alimjia jikoni, akanyoosha mkono, kiganja juu. Bi Taratibu alivua ufunguo shingoni, akauweka pale. Shangazi akajivika. Tangu hapo waliongea ya lazima tu: chumvi iko wapi, mvua inakuja, funga mlango.

Siku ya kwanza Shangazi alilisha kuku mwenyewe. Siku ya pili pia, ndoo moja moja, akipumzika kila hatua kumi, mkono kwenye goti. Bi Taratibu alimtazama kutoka mlangoni, maana aliposogea kumsaidia, ndoo ilihamishwa mkono mwingine.

Siku ya tatu jua lilikwisha kupanda na banda halijafunguliwa. Shangazi alikuwa ameketi kizingitini, mguu mmoja kaunyoosha kwa maumivu, anachambua mchele kwenye sinia. Ufunguo ulining'inia shingoni, ukigongagonga kifungo cha gauni kila alipoinama. Ndani ya banda kuku walikuwa wanapigania vyombo vikavu.

Bi Taratibu alijaza ndoo mbili. Alizibeba mpaka mbele ya Shangazi, akaziweka chini taratibu, zisimwagike.

"Shangazi," alisema, "naomba ufunguo. Kuku hawajanywa maji."

Shangazi aliokota kijiwe kwenye mchele, akakitupa uani. Akatafuta kingine, na ufunguo ukabaki shingoni.